Majina ya babu zetu yamo ndani ya kitabu cha kodi

Vita inapoingia kijijini, watu wanabeba watoto, sufuria, na godoro kama nguvu ingali ipo. Karatasi zinabaki nyumbani, na mara nyingi nyumba inaungua nazo. Familia nyingi za Masisi, Rutshuru, Walikale, Kalehe na Fizi zimekimbia mara tatu au nne, na kila mara kitu fulani kinapotea: karte ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, karatasi ya shamba. Kinapotea pia kitu ambacho hakishikiki kwa mkono. Mzee aliyejua babu alitoka kilima gani anafia ugenini, na wajukuu wanabaki na jina moja tu, bila kijiji na bila ukoo.

Kisha siku inafika ambapo jina moja halitoshi. Mtoto anaandikishwa shuleni, kijana anatafuta cheti cha uraia, mjane anadai shamba la marehemu mume wake, na swali ni lile lile: baba yake nani, babu yake nani, grupema gani, sheferi gani? Wapenzi wasomaji na wasikilizaji, leo tuangalie mahali ambapo sehemu ya majibu imelala: vitabu na fishi ambamo Wabelgiji, na serikali zilizowafuata, waliandika majina ya wazee wetu. Tuone viliandikwa kwa nini, vinasomwa namna gani, na kwa nini havifai kuaminiwa kwa macho yaliyofungwa.

Walihesabu ili watoze

Serikali ya kikoloni haikuhesabu watu ili wajukuu wajue asili yao. Ilihesabu ili kupata pesa na mikono ya kazi. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka kwamba kila mwenyeji awe chini ya sheferi moja inayojulikana, na mwaka huo huo kodi ya kichwa ya kulipa kwa pesa ikaanzishwa. Ili kodi itozwe, lazima kuwe na orodha. Mzungu wa teritwari au karani wake alipita kijiji kwa kijiji, shefu akawapanga watu mbele ya nyumba, majina yakaandikwa.

Aliyetafutwa kwanza ni mwanaume mzima mwenye nguvu. Kwenye karatasi za wakati ule utaona herufi tatu, HAV, kifupi cha Kifaransa cha maneno hayo. Huyo ndiye aliyelipa kodi, aliyelima barabara, aliyepelekwa mgodini au kwenye shamba la kahawa. Kwenye fishi yake waliandika jina lake, jina la baba yake, kijiji, shefu, umri wa kukadiria, kisha wake zake na watoto wake. Na kila mwanaume alipaswa kutembea na kitabu chake cha utambulisho, ambacho wazee wengi bado wanakiita buku. Aliyekutwa njiani bila buku alikuwa na kesi.

Ukielewa sababu hiyo, utaelewa pia makosa yaliyomo. Mwanaume mwenye wake wengi alilipa kodi ya nyongeza, kwa hiyo wengine walimficha mke wa pili au wa tatu. Baba mwenye mke mmoja na watoto wanne walio hai aliweza kusamehewa kodi, kwa hiyo si ajabu mtoto wa ndugu kuandikwa kama mtoto wa nyumba. Vijana walikimbilia msituni siku ya kuandikwa. Kama babu yako hayumo katika orodha ya mwaka fulani, haina maana kwamba hakuwako. Pengine alikuwa amejificha vizuri.

Mwaka 1933, kwa dekreti ya tarehe 5 Desemba, sheferi nyingi ndogo ziliunganishwa kuwa sekta. Koo ambazo hazikuwa na shefu mmoja zilijikuta chini ya jina moja. Tena, vijiji vilivyokuwa vimetawanyika vilimani na msituni vilihamishwa kando ya barabara ili vihesabiwe na vitozwe kwa urahisi. Ndiyo maana mzee anaweza kukuambia “sisi ni wa mlima ule,” na fishi ya baba yake ikaandika kijiji kilicho kilomita nyingi kutoka pale. Wote wawili wanasema kweli: mzee anataja mahali pa mababu, karani alitaja mahali watu walipokutwa.

Jina lililoandikwa na sikio la mgeni

Anayetafuta jina la babu aanze kwa kukubali jambo moja: huenda halikuandikwa kama sisi tunavyoliandika leo. Mbelgiji aliandika alichosikia. Sauti ya “u” aliiandika “ou”. “Ch” ya Kiswahili inaweza kuwa “tsh”, “tch”, au “c” peke yake. Herufi “l” na “r” zinabadilishana kila mara, na “rh” ya Mashi imewashinda makarani wengi. Kabla ya kwenda popote, andika jina la mzee wako kwa namna zote unazoweza kufikiri, kisha litamke kwa sauti. Sikio litakusaidia kuliko jicho.

Jambo la pili: wazee wetu hawakuwa na jina la familia linalorithiwa. Mtu alikuwa na jina lake, na baba alikuwa na lake. Kwa hiyo ndugu watatu wa baba mmoja wanaweza kuonekana kama watu watatu wasiojuana. Huko Beni na Lubero shida ni kinyume chake. Kwa Wanande majina mengi yanafuata mpango wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu. Ukienda kutafuta Kambale peke yake utakuta karibu kila nyumba. Jina la baba, la mama na la kijiji ndivyo vitakavyomtenga Kambale wako na wengine.

Jambo la tatu ni mwaka 1972. Rais Mobutu alipoleta siasa ya authenticité, majina ya kikristo yalikatazwa kwenye karatasi za serikali na kila mtu akachukua jina la asili. Mtu aliyebatizwa Joseph mwaka 1950 akawa na jina jingine kwenye karte yake ya wakati wa Zaire. Wengine walichukua jina la babu, wengine la mjomba, wengine walitunga jipya. Bila mtu wa familia anayekumbuka badiliko hilo, karatasi za kabla na za baada zitaonekana kuwa za watu wawili.

Hata majina ya mahali yalibadilika. Katika karatasi za zamani Bukavu inaitwa Costermansville, Kalemie ni Albertville, Lubumbashi ni Elisabethville, na Kisangani ni Stanleyville. Mpaka mwaka 1988 Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema zilikuwa mkoa mmoja. Karatasi inayosema tu “Kivu” inaweza kumhusu mtu wa Kasongo sawa na mtu wa Rutshuru.

Umri nao tuusome kwa akili. Neno la Kifaransa “vers” mbele ya mwaka, kama “né vers 1932”, linasema alizaliwa karibu na mwaka huo. Karani alimwangalia mtu usoni, akaangalia watoto wake, akakadiria. Wazee wetu walikuwa na kalenda nyingine, na mara nyingi ni ya hakika zaidi. Ukisikia “nilizaliwa wakati askari wanakwenda Tabora,” hiyo ni vita ya kwanza ya dunia, kwa sababu Tabora ilitekwa Septemba 1916. “Wakati moto wa Nyamulagira ulipoingia ziwani” ni kati ya 1938 na 1940. “Wakati wa Mulele” ni 1964. “Wakati wa Schramme Bukavu” ni 1967. “Nyiragongo ya kwanza” kwa watu wa Goma mara nyingi ni Januari 1977. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema. Mwaka utautafuta baadaye.

Mama zetu wako wapi?

Katika fishi ya kodi mwanamke anaonekana nyuma ya mwanaume. Aliandikwa kama mke wa fulani, mara nyingi bila jina la baba yake. Akifiwa au akiachwa na kurudi kwao, anaweza kupotea kabisa kwenye orodha. Anayefuata ukoo wa mama atafute mahali pengine, na mahali pa kwanza ni parokia.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1885 wakachukua kituo cha Mpala, upande huu wetu wa ziwa. Baadaye walipanda kuelekea Kivu. Tangu mwanzo walishika vitabu vya ubatizo. Mstari mmoja wa kitabu hicho una jina la mbatizwa, la baba, la mama, la msimamizi wa ubatizo, tarehe, na mara nyingi kijiji. Kwa kanuni ya Kanisa, kipaimara na ndoa ya mtu huandikwa tena pembeni mwa mstari wa ubatizo wake. Maana yake ni hii: msichana aliyebatizwa parokia moja na kuolewa parokia nyingine anaweza kuonekana kwa jina la mumewe kwenye ukurasa ule ule wa utoto wake. Hapo ndipo familia mbili zinakutana tena.

Makanisa ya Kiprotestanti nayo yalishika orodha za wakristo wao, na vituo vingine viliandika wanafunzi na wagonjwa. Tusisahau pia ndoa. Majina ya waliopokea ng’ombe au mbuzi wa mahari yanakumbukwa miaka mingi, kwa sababu deni la mahari halisahauliki. Shangazi anayejua nani alikula mahari ya bibi yako anaijua njia ambayo karani hakuiandika.

Walioondoka kijijini

Kuna babu ambao kijiji kiliwapoteza kwa sababu walichukuliwa. Katika vita ya 1914 hadi 1918 wapagazi zaidi ya laki mbili walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji, na wengi hawakurudi. Wengine waliingia Force Publique na kupewa matrikile, yaani namba ya askari. Kama nyumbani kwenu kuna medali ya zamani au karatasi yenye namba ya matrikile, itunzeni. Namba hiyo inaweza kumtambulisha mtu kuliko jina.

Wengine walikwenda migodini. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuwa mali ya serikali mwaka 1967, ndiyo Gécamines ya leo. Ilitafuta wafanyakazi mbali sana na Katanga, na kila mmoja alikuwa na faili lenye jina, mahali alipotoka, shefu wake, mke na watoto. Wanahistoria wa Lubumbashi, kama Donatien Dibwe dia Mwembu, wameandika historia ya familia hizo kwa kuunganisha karatasi za kampuni na maneno ya wazee wenyewe. Huku kwetu kulikuwa na Minière des Grands Lacs, MGL, iliyochimba dhahabu ya Kamituga, na mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Jamaa ambaye mnasema “alipotelea kazini” huenda aliacha alama katika karatasi za kazi hiyo.

Baada ya uhuru

Nchi yetu huru ilihesabu watu mwaka 1970, na tena Julai 1984. Ile ya 1984 ilionyesha wakaaji karibu milioni 30. Tangu hapo hakuna hesabu kamili ya watu iliyofanyika nchini. Mtu aliyezaliwa 1985 ana wajukuu leo, na hajahesabiwa hata mara moja. Kwa wengi karatasi pekee ya utambulisho ni karte ya uchaguzi, na hiyo hutolewa kwa mwenye umri wa kupiga kura. Watoto wanabaki nje. Kwa hiyo vitabu vya zamani, pamoja na ubaya wote wa asili yake, kwa familia nyingi bado ndivyo pekee vilivyomtaja babu, bibi na watoto wao pamoja.

Karatasi isiwe panga

Hapa tuseme wazi jambo ambalo kila mtu wa Kivu analijua. Katika nchi yetu, swali la “babu yako alitoka wapi” limekwisha kumwaga damu.

Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji wenyewe ulileta Masisi maelfu mengi ya familia kutoka Rwanda, kwa mpango ulioitwa Mission d’Immigration des Banyarwanda, ili wapate wafanyakazi wa mashamba na migodi. Watu wengine wenye lugha hiyo hiyo waliishi upande huu wa mpaka kabla Wazungu hawajauchora. Baadaye sheria ya uraia ilibadilika mara kwa mara: ile ya 1972 ilitaja waliofika Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, ile ya 1981 ilidai mababu wawe nchini tangu tarehe 1 Agosti 1885, na ile ya 2004 inaangalia makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru. Kila badiliko lilifanya watu wakimbilie kutafuta karatasi za mababu, wengine ili wajilinde, wengine ili wawafukuze jirani zao.

Mwaka 1885 hakuna karani aliyekuwa amepita katika vilima vya Kivu kuandika watu. Anayedai orodha ya mwaka huo anadai kitu ambacho hakikuwako. Na pale ambapo orodha zipo, neno “kabila” liliandikwa na mgeni, kwa haraka, mara nyingi kwa kumuuliza shefu na siyo mtu mwenyewe. Mtu aliyehamia kwa mjomba wake, aliyefuata mke wake, au aliyepewa shamba na mwami wa kabila jingine, angeweza kubadilishwa kabila kwa kalamu. Watu wetu wameoana na kupokeana karne nyingi. Mtafuta ukoo wa kweli asishangae kukuta katika ukoo wake jina la watu ambao leo anaambiwa ni adui.

Kwa hiyo tumia karatasi kumpata ndugu yako. Ukiitumia kumfukuza jirani, umeendeleza kazi ya yule aliyeiandika ili atawale.

Familia iliyo ugenini ianzie wapi?

Anza na walio hai, na uanze juma hili. Nunua daftari. Mwulize mzee wa familia majina ya baba yake na mama yake, ya babu na bibi wa pande zote mbili, kilima au mto uliokuwa karibu na nyumba, jina la shefu wa wakati ule, dini, parokia, kazi, na nani alioa wapi. Uliza pia majina ya utani, kwa sababu karani mara nyingi aliandika hilo. Kama simu ina nafasi, mrekodi kwa sauti yake, kwa lugha yake ya nyumbani. Andika nakala mbili na uzitenganishe. Moja ikae na ndugu aliye mji mwingine.

Pili, piga picha kila karatasi iliyobaki: buku, medali, kadi ya kliniki, karte ya zamani, hata iliyochanika. Mtumie picha ndugu unayemwamini.

Tatu, nenda parokia au kanisa la familia, au mtume jamaa aliye karibu. Peleka jina la mbatizwa, la baba na la mama, na mwaka wa kukadiria. Kisha uulize ofisi ya sheferi, sekta au teritwari kama fishi za zamani zipo. Nyingine zimechomwa au zimeliwa na mchwa, lakini nyingine zimo kwenye masanduku ambayo hakuna anayeyafungua.

Nne, kwa walio Ulaya: karatasi nyingi za utawala wa kikoloni zilipelekwa Brussels, na Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji imezipokea kutoka Wizara ya Mambo ya Nje. Kuna ripoti za kila mwaka za idara ya AIMO, yaani mambo ya wenyeji na wafanyakazi, zenye hesabu ya watu kwa sheferi, na kuna ripoti za uchunguzi zilizoandika ukoo wa mashefu na historia ya kuhama kwao. Mapadri Weupe wana hifadhi yao Roma. Kijana wa familia anayeishi huko anaweza kufanya kazi ambayo sisi huku hatuwezi.

Tano, jihadhari na anayekuuzia “ukoo kamili” au cheti cha haraka. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, hata haki uliyokuwa nayo inatiliwa shaka. Mtoto aliyezaliwa ugenini aandikishwe kwa ofisi ya etat civil ndani ya siku 90. Muda ukipita, njia ni hukumu ya tribinali inayoitwa jugement supplétif, na hapo mashahidi wanaojua majina ya wazazi na mababu wana uzito. Daftari lako litawasaidia kusema bila kupingana.

Mzee akikataa kujibu swali fulani, mwache. Kuna mambo ya vita, ya utumwa na ya aibu ambayo yeye anajua kwa nini ameyafunika. Rudi siku nyingine na swali jingine. Ukikuta maneno yake na fishi ya Mbelgiji havilingani, andika yote mawili, na pembeni uandike jina lako na tarehe, ili mjukuu wako ajue nani alisema nini na lini.